Siku Mbili za Ugeni

Famau ametuma pesa kutoka Doha, na amri juu yake:
"Mama, hizi si za bati. Si za unga.
Nendeni hoteli na Baba. Siku mbili. Muwe wageni."
Wageni wa wapi, nasi ni watu wa Mkomani
tangu hesabu haijaanza?

Shee akavaa kanzu ya Idi.
Tukapita vichochoro tulivyovipita maisha yote,
safari hii tukiuliza bei.

Ya kwanza ilijaa mali za marehemu wa watu:
masinia, kasha la njumu, kiti cha enzi
kilichofungwa kamba mtu asikikalie.
Kitandani mito kumi na mmoja, niliihesabu.
Nikauliza: vichwa ni viwili, hii tisa ya nani?
Kijana akacheka kwa adabu, akatuletea maji ya ndimu.

Ya pili hatukuketi.
Shee, fundi chokaa kabla mgongo haujamkataa,
aligonga ukuta kwa kidole kama apigaye hodi.
"Saruji," akasema,
akatangulia kutoka.

Ya tatu ina vyumba vinne tu.
Mlango wa kuinamia. Ukuta mweupe, zidaka tupu,
ila kimoja, chenye kikombe.
Kitanda, mkeka, taa. Basi.
"Wamehama?" akaninong'oneza Shee.

Mimi nilinyamaza.
Miaka thelathini na miwili nashona kofia za vito.
Najua si uzi unaoifanya kofia, ni vitundu,
pale sindano iliporuka kwa makusudi.
Aliyepanga chumba hiki
alijua pa kuruka.

Ikatajwa bei. Nikaigeuza kofia:
kofia mbili kwa usiku mmoja,
yaani miezi mitano ya macho yangu.
Shee akakohoa kikohozi cha kuaga.

Nikapanda juu kutafuta kasoro, tupate la kusema.
Kulikuwa na kidirisha, upana wa sinia.
Nikachungulia, na chini pale
bati lenye kutu, ndoo ya buluu isiyo na mkono,
kanga yangu niliyoisahau kambani,
na paka wa Bi Mwanalali
amejilaza juu ya mchele niliouanika.

Nyumba yangu.
Sijapata kuiona kutoka juu.
Ilivyo ndogo! Ilivyosongamana!
Na tundu la bati, lile linalotulowesha kila masika
na Shee akaapa halipo,
nililiona wazi, duara,
kama la sindano yangu.

"Hiki," nikamwambia kijana. "Chenye dirisha."

Usiku Shee alilala katikati ya kitanda
kama mkeka uliokunjuliwa.
Mimi nilikaa kidirishani, mgeni wa kulipiwa,
nikiilinda kanga isipeperuke,
na mkono ukiniwasha
kumrushia kiatu yule paka.