Saa Tisa na Dakika Kumi na Saba

Diski aliileta katikati ya mfuko wa njegere,
bado ina baridi ya friza.
Alisikia mahali kwamba barafu huponya.
Haiponyi, Bwana Zenobiusz. Kaa. Vua kofia.

Huku chini, Łódź haionekani ila viatu vya wapita njia
na theluji iliyochafuka kwa chumvi.
Niliiwasha mara moja tu: tk, tk, tk,
kichwa cha kusomea kikigonga mlango
wa chumba ambacho kimesahau namba yake.

Siku tano. Sekta baada ya sekta,
zilizo nzima kwanza, zilizooza baadaye,
kisha kinyumenyume, kutoka mwisho kuja mwanzo,
maana kuna majeraha yasiyokubali kuguswa
upande uleule mara mbili.
Feni ilikohoa. Nilikula mkate na samaki wa kopo.

Mpwa wake alishajaribu, Oktoba, kabla haijazimika.
Alivuta, akabandika kwenye flashi,
na faili mia nne zikazaliwa upya
Jumamosi moja, saa moja, kama vifaranga vya mashine.
Maneno yalikuwepo yote. Umri ulifutika.

Mimi nilinakili pamoja na tarehe zake.
Ni herufi moja tu ya ziada kwenye amri;
wavivu huiacha.

Zilikuwa kumbukumbu za marehemu Halszka:
vitunguu, siki, balbu ya stoo,
mpigie fundi bomba, siki tena.
Mzee aliteremka orodha kwa kidole,
akiyaruka maneno, akisoma ukingoni:
Februari, usiku, saa tisa na dakika kumi na saba.
Februari, saa tisa na arobaini.
Machi nzima.

“Nilidhani amelala,” alisema.
Halafu: “Mimi nilikuwa nakoroma.”

Sikumjibu. Kazi yangu si kufasiri.
Nilimwonyesha sekta kumi na moja zilizonishinda,
nimezijaza sifuri, nimeziorodhesha kwa uaminifu.
Akauliza kama sifuri nazo zina tarehe.

Hazina.

Aliondoka na nakala mbili, moja kila mfuko wa koti,
akitembea wima kama mtu aliyebeba ndoo zilizojaa.
Viatu vyake vilipita dirishani.
Ilikuwa saa tisa, ya mchana,
na giza limeshaanza.