Nipe Mji

Fundi Ussi alipokuwa akifunga mita ukutani,
udongo ukimdondokea ndevuni,
Bi Chumu alimuuliza, "Unatoka wapi huo?"
"Bara," akasema, bisibisi mdomoni,
"kule milimani. Maji yanaporomoka,
yanasukuma pangaboi la chuma, umeme unazaliwa,
unashuka nguzo kwa nguzo hadi pwani,
unapiga mbizi ndani ya waya mnene kama paja langu,
unakuja kuibukia kwetu."

Bi Chumu akaacha kupepeta mchele.
"Kitendawili."
"Tega!"
"Maji yamepita chini ya maji, hayakulowa."
Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuwa limening'inia
juu ya vichwa vyetu, halijawashwa.

Hapa Mgelema hatuna mlima.
Tuna vilima vya kuchosha magoti tu
na kijito kisichoweza kugeuza kifuu.
Mara saba zote nimezijulia kwenye moshi wa kibatari,
asubuhi masizi puani.

Basi ukaja. Friji la Mize Hamad likaunguruma,
kesho yake watoto wakalamba malai ya ukwaju
mpaka ndimi zikafa ganzi.
Na bado ndoo ni ndoo:
alfajiri ni kisimani,
maji ya mlimani yanawasha taa
lakini hayajazi kata.

Ukafika msimu wa vuno. Karafuu mikekani,
wingu likijipanga upande wa Wete,
Bi Chumu mikono juu, anaomba jua.
Redioni wakasema bara kumekauka,
bwawa limeonyesha matope,
umeme utakuwa wa zamu.
Akashusha mikono. Akaipandisha tena.
"Ya Rabi, hapa isinyeshe, kule inyeshe.
Mipaka unaijua mwenyewe."

Tukacheka. Taa ikazimika,
kicheko kikabaki kizani hakina mwenyewe.

Ndipo alipodai haki yake.
"Kitendawili changu hamkukitegua. Nipeni mji."
Nikampa Wete, akakataa.
Nikampa Chake, nikampa Unguja nzima,
akasonya.
"Nataka ule ulio chini ya maporomoko."
"Siujui jina, Bi Chumu."
"Ukilijua, niulizie:
mwanamke wa pale, waya zinazompita juu ya paa,
yeye mchele wake anaupepetea kwa taa gani?"

Nikasikia mkono wake ukipapasa rafu.
Kibatari hakikuwa mbali.
Hakuwa amekitupa.