Kofia Mbili

Lavelle aliomba insulini siku tatu.
Siku ya nne hakuomba.

Leo niko Tulsa, mahakamani, ghorofa ya pili,
viatu vya mazishi bado vinanibana,
namtazama wakili wa gereza la kampuni.

Asubuhi alisema: Mheshimiwa, sisi si serikali,
ni wafanyabiashara tu. Katiba haituhusu.
Alipotoka kula, haradali ingali kwenye tai:
sisi ni mkono wa serikali,
kinga yake itufunike nasi.

Popo huyu!
Ndege wakidai kodi, anaonyesha meno.
Wanyama wakidai, anapiga mbawa.

Jaji Prewitt akavua miwani.
"Ufunguo wa seli," akauliza, "ulikuwa mfukoni mwa nani?"

Wakili akafunua karatasi. Akafunua tena.

Mimi naujua ule ufunguo.
Kila Jumapili ulilia kiunoni mwa mlinzi,
nembo ya kampuni begani, tabasamu la dukani usoni.

Na ankara nimeiona:
dola hamsini na mbili kwa kichwa, kwa usiku,
mlipaji serikali.
Wameandika usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wa nne pia wameuandika.