Karani wa Mafaili

Mimi si daktari. Ninagonga muhuri.
Meza yangu iko pale korido inapokata kona,
chini ya bomba linalovuja tangu masika ya juzi,
na juu yake kuna trei mbili za plastiki:
ya kijani kwa Dokta Mutayoba, mwenye kalamu ya dawa,
ya manjano kwa Bi Nyamizi, mwenye kiti na sikio.
Anayeletwa na akili iliyoteguka
huanzia kwangu, na mkono huu
uliofeli biolojia mara mbili kule Nyakato
ndio unaoamua aonwe na nani kwanza.

Kila Jumatatu wakubwa hubishana kikaoni.
Daktari asema: ubongo ni nyama, na nyama huugua,
pima damu, pima kaswende, pima tezi,
maneno yatakuja mtu akishapata usingizi.
Bi Nyamizi asema: ukimlaza kabla hujamsikia
umezima redio katikati ya tangazo la msiba
na hujui aliyekufa ni wa nani.
Mimi hupeleka chai. Naona wote wana haki.
Nikirudi mezani, haki hiyo haina trei.

Mwaka jana, siku ya upepo, walikuja watatu kutoka Mwaloni,
wawili wamemfunga wa kati kwa kanga.
Nkwabi Lushinge, mpima dagaa, miaka ishirini na sita,
vumbi la dagaa likimeta kwenye kope.
Alisema mizani inamwita jina.
Alisema kilo zimeanza kumhesabu yeye.
Alinipendeza. Alizungumza kama mtu aliyesoma sana.
Nikawaza: huyu ana la moyoni.
Manjano.

Alikaa mle saa nzima na robo.
Nilimsikia kupitia ukuta akicheka,
kisha akiomba maji, kisha akiomba tena.
Kumbe ni malaria, imeshapanda kichwani,
na hakuna aliyemgusa paji la uso,
hata mimi niliyempa kalamu asaini,
vidole vyetu vikagusana,
vyake vya moto kama mpini wa sufuria,
nikadhani ni jua la njiani.

Hakufa. Watu hupenda kuanza na hapo.
Hakufa; jicho la kushoto huchelewa kidogo kulifuata la kulia,
na mizani sasa anaishika mdogo wake.

Baada ya hapo nilijaza kijani tu, wiki baada ya wiki,
mpaka Mbuke wa Igombe alipolala siku mbili kwa sindano,
akaamka, akauliza kama mwanawe ameshaopolewa.
Hakuna aliyekuwa amejua kwamba kuna mtoto majini.

Sitaki kuongeza neno hapo.

Nilinunua kipimajoto Makoroboi, kwa pesa yangu,
elfu nane, cha Kichina, hulia kama kifaranga.
Msimamizi amenikanya: si kazi yako. Najua.
Nakiweka kwapani mwa mgonjwa, na tunapokisubiri namuuliza
amelala lini, amekula nini, nani hayupo nyumbani.
Majibu nayaandika kwa penseli nyuma ya jalada,
herufi ndogo, zisionekane kwenye ukaguzi,
ili atakayelifungua, wa kalamu au wa sikio,
asije akanilaumu mimi peke yangu.

Leo ni binti wa Ukerewe, ameshika viatu mkononi.
Mama yake anasema amekaa siku tisa bila kufumba macho,
anayafua maji ya ziwa, anayaanika juu ya mawe.
Kipimajoto kinalia. Thelathini na sita na nusu.
Binti anakitazama kwapani mwake, ananitazama mimi.
"Na huyu kifaranga," anauliza,
"usiku mnamlaza wapi?"

Swali lake naliandika pia.
Nagonga muhuri, nainua faili.
Trei zote mbili ziko tupu,
bomba linadondosha,
na mkono bado uko hewani.