Daftari la Mikopo

Tarehe nne. Mama Rwegasira, vifungo dazeni mbili, atalipa Ijumaa.
Tarehe tano. Zipu kumi, yule wa Igoma, kalipa nusu.
Tarehe sita. Mbuke kacheka msibani.

Sikuandika kama ugonjwa.
Niliandika kwa sababu aibu nayo ni deni,
na mimi, muuza vifungo wa Makoroboi,
sikumbuki kitu bila kalamu.

Tarehe tisa hakulala. Alipanga sufuria mlangoni,
kubwa juu ya ndogo, akasema
maji ya bomba yanamtaja kwa jina la ubatizo.
Kumi na moja, alimwita mama "dada",
akaomba radhi, akamwita tena.
Kumi na tatu, mkono wa kushoto
ulianza kushona hewani, bila uzi, bila yeye.

Malaria: hakuna. Taifodi: ipo, kama kawaida yake.
Shangazi Ng'washi akasema ni kijicho cha kiwandani,
jirani akasema ni mwanamume,
mchungaji wa Mabatini akamshika kichwa
mpaka sauti ikamkauka, ya mchungaji.
Nilikubaliana na wote, kwa zamu.
Na usiku mmoja nilimfunga kitandani kwa kanga,
mafundo mawili,
nikakaza.

Bugando iko juu; ukipanda na mgonjwa, kilima kinaongezeka.
Kwanza wodi ya akili. Picha ya kichwa ikatoka safi,
safi mpaka ikaniudhi.
Degedege lilikuja saa tisa usiku, likarudi kabla ya adhana,
kisha akawa jiwe: macho wazi,
mdomo ukitafuna kisichokuwepo,
ziwa zima dirishani, hata ukope haukutikisika.

Daktari Kokuhirwa hakuuliza nani kamroga.
Aliuliza, "Nini kilitangulia nini?"
Nikaona haya. Nikampa daftari.
Alisoma kwa kidole, akiruka zipu na riboni:
kacheka, hakulala, mkono, degedege.
Akarudi juu, akashuka tena, akavua miwani.
"Wiki tatu tu. Wazimu tuliouzoea haukimbii hivi."

Wakamtoboa mgongo. Maji yakadondoka maangavu
kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu, barafu kwenye ndege.
Majibu yangechukua siku nyingi;
yeye hakungoja, akamtafuta tumboni,
na kwenye kifuko cha mayai akakuta uvimbe kama ndimu,
ndani yake nywele, jino moja,
na nyama inayofanana na ya ubongo.

Nikasema sielewi.
Akageuza ukurasa, akachora kwenye safu ya madeni:
"Kulwa kakopa. Mwili umetuma wadai.
Wadai wanagonga kwa Dotto.
Sura moja, mlango mwingine.
Dotto hadaiwi chochote,
lakini wanabeba viti, wanabeba taa,
wanang'oa mpaka bawaba."

Kulwa ni uvimbe. Dotto ni kichwa cha dada yangu.
Nilikesha na mapacha hao kwenye benchi la korido.
Basi hakuna aliyetumwa. Hakuna wa kumchukia.
Ni damu yake mwenyewe, yenye bidii,
isiyojua kusoma majina.

Kulwa akatolewa kwa kisu. Dawa zikaingia kwa dripu,
na kwa kila chupa nilipunguza duka: kwanza riboni, kisha meza.
Majibu yaliporudi yakisema ndiyo,
Mbuke alikuwa tayari ameomba uji,
ingawa kijiko alikiita "kile, kile cha kuchotea".

Sasa yuko Kirumba, anatembea akigusa ukuta.
Jana aliomba mwezi wake uliopotea.
Sina mwezi. Nina daftari.
Alisoma polepole mpaka tarehe kumi na tano,
neno moja tu: *Kanga.*
"Kanga ya nani?"
Nikamwambia. Na mafundo, na kukaza.

Aliutazama mkono wake, ndani, nje.
Maji ya bomba yalitiririka uani bila kumtaja mtu.
Akafunua nyuma, kurasa kadhaa,
akaweka kidole mstari wa kwanza:
"Huyu Mama Rwegasira," akasema,
"mpaka leo hajalipa."