Faili 1 Zimehifadhiwa

Baba alichonga chukudu kule Buhene, nyuma ya nyumba ya mbao,
kwa panga, tezo na mpira wa tairi kuukuu.
Hakuchorewa mchoro. Alimtazama Paluku wa Kibumba,
naye Paluku alimtazama mtu ambaye jina lake limesahaulika.
Akija kijana kupima gurudumu kwa viganja,
Baba hakumfukuza. Alisogea tu, mwanga uingie.

Mimi mbao zilinikataa. Tezo ilinipasua goti,
kovu lipo hadi leo, lina umbo la koma.
Nikapelekwa Birere, kibandani kwa Musubao fundi simu,
nishike taa, nifagie sakafu, ninyamaze.
Konani ilikaa kompyuta ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua:
kibodi haina K, feni inakoroma kama mgonjwa.
"Ukiiamsha," alisema Musubao, "ni yako hadi mwenyewe aje."
Niliiamsha. Nikaibeba nyumbani kwa chukudu, imefungwa kitenge.
Mwenyewe hajaja. Na akija leo, nitamwambia nini?

Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na dakika ishirini za mtandao
kila Jumamosi, nikilipa kwa madumu ya maji,
nikinakili kurasa kwa mkono kwenye daftari la hesabu.
Kiingereza nilikipapasa kama swichi gizani.
Kila nilipohitaji K, niliichukua kwenye neno la mtu mwingine,
nikaibandika kwangu, nikaibandika tena.
Ndivyo nilivyojifunza kuazima.

Mama: "Njo kazi gani hii? Kufinya-finya tu. Franga iko wapi?"
Sikuwa na jibu. Umeme ukakatika, ukanijibia.

Usiku mmoja programu huria ya kutunza hati ikaniandikia:
Faili 1 zimehifadhiwa.
Nikacheka peke yangu. Faili moja, halafu zi-?
Bibi hakuingia darasani hata siku moja, asingekosea hivyo;
angesema, huyo ni mtoto wa watu, mfundisheni.
Msimbo ulikuwa wazi, mlango bila komeo.
Nikaingia kama aliyevua viatu.
Siku tisa nilitafuta, nikaupata ule mstari,
mfupi kama kidole, katikati ya mistari elfu arobaini.
Nikaandika: ikiwa ni moja, sema "imehifadhiwa".
Nikatuma, kisha nikaona aibu,
kama mtu aliyemkosoa mwenyeji mezani kwake.

Siku ya nne, mtu wa mbali, jina lake siwezi kulitamka:
"Asante. Tumeupokea. Na maneno mengine, wingi wake ukoje?"
Nikamkimbilia Baba.
"Wamekulipa?"
"Hapana."
"Jina lako wamelifuta?"
"Lipo, chini kabisa, dogo."
Akaendelea kupiga randa. Baada ya muda mrefu:
"Basi wamesogea."

Jumamosi ile mlima ulipopasuka na anga ikawa nyekundu,
tulikimbia na godoro, kuku wawili, sufuria.
Kompyuta isiyo na K imo ndani ya jiwe jeusi,
pamoja na tezo, chukudu tatu ambazo hazikumalizika,
daftari, na picha ya Bibi.
Tulikaa Sake kwa shangazi Kahindo, watu kumi na wanne, vyumba viwili.
Musubao akaniazima mashine. Nikavuta kazi yangu kutoka kwa watu:
ilikuwepo yote, hadi koma,
kwenye mashine za nisiowajua, miji nisiyoijua.
Nililia. Sikuulilia msimbo.
Picha ya Bibi haikuwa na nakala.

Baba anachonga tena, juu ya lava ileile,
anasema ni sakafu nzuri, haina tope.

Leo asubuhi nimepata ujumbe. Binti wa Uvira, Nabintu,
ameusoma mstari wangu na kuuona kasoro:
"Kaka, zikiwa faili sifuri, inasema nini?"

Sikuwa nimefikiria sifuri.
Nimemjibu: mstari uko pale. Ingia.