Gia ya Kurudi Nyuma

Pale Alvani, barabara ikiwa bado na adabu,
Torghva alisimama mbele ya boneti akauliza:
"Nani amebeba nyama ya nguruwe?"
Mlima hauitaki. Hakufafanua.
Nikatoa soseji yangu ya njiani.
Mbwa wa kituo cha mafuta aliipokea bila maswali.

Delika kuukuu, usukani kulia
katika nchi ya usukani kushoto.
"Afadhali," alisema, "korongo likiwa kulia
nauona ukingo kabla tairi halijauona."
Magurudumu yote manne yakashika changarawe,
na tangu hapo hakuna aliyesema neno
isipokuwa jogoo
ndani ya ndoo, chini ya kitambaa cha Mzekala.

Mzekala: mwalimu mstaafu, magunia mawili ya unga,
jiko la gesi, mtungi, bunda la soksi za sufu.
Oktoba hii dunia nzima inashuka,
yeye anapanda.
Tutabaki watu saba huko juu, alisema.
Wanane na jogoo.

Kwenye kona ya kumi na ngapi sijui,
nilikuwa nimefumba macho,
kondoo walitukuta: mafuriko yenye kwato,
yakipangusa milango, kengele, mvuke, harufu ya manyoya mabichi.
Mchungaji akainama dirishani, barafu kwenye masharubu:
"Kileleni kumekucha kweupe. Rudini."
Torghva akamtazama Mzekala kwenye kioo.
Mzekala akautazama unga wake.

Tukaenda.
Juu kidogo gia namba moja ikakatika
kwa mlio wa mfupa wa kuku.
Jogoo akanyamaza.

Torghva akashuka, akaweka mawe nyuma ya matairi,
akavuta sigara nusu, nusu akaichomeka sikioni.
"Imebaki moja yenye nguvu."
Akaligeuza gari, shibiri mbele, shibiri nyuma,
kwa gia ya pili na sala,
na hivyo, kinyumenyume,
makalio yakitangulia kama mtu apandishaye godoro ngazini,
tukaupanda Abano.

Sikujua kwamba njia ina uso wa pili.
Yote tuliyoyapita yakawa mbele yetu:
kona zikijikunjua kama utepe wa fundi cherehani,
mawe ya kumbukumbu na glasi zake zilizolazwa kifudifudi
kwa madereva ambao ukingo uliwaona kwanza,
kondoo, sasa punje za mchele zilizomwagika,
na mbali kabisa Kakheti,
mizabibu rangi ya kutu,
moshi wa mtu anayepika.

"Miaka arobaini napanda hapa," Mzekala alisema,
"nikitazama kisogo cha dereva.
Kumbe kwa binti yangu kunaonekana."

Theluji ikaanza kugonga kioo cha nyuma,
ambacho siku hiyo kilikuwa cha mbele.
Kileleni pana msalaba wa chuma, pana upepo,
pana uwanja mdogo wa kugeuzia gari.
Torghva aliuona. Mkono ukaenda kwenye gia.

"Ngoja," Mzekala akasema,
akifuta ukungu wa kioo kwa kiwiko.
"Usigeuze kwanza."